MGB ya 1977 yenye bampa nyeusi: uzoefu wangu

Ukitaka gari la spoti la Kiingereza la zamani na mfuko wako ni wa mshahara, watu watakuelekeza kwenye MGB, na watakuwa wamesema kweli. Zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani Abingdon, karibu na Oxford, kati ya 1962 na 1980, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Kwa hiyo si adimu, bei haijapaa, na karibu kila kipuri bado kinatengenezwa. Langu ni la kufungua paa, naishi nalo hapa Coventry, na nimekaa nalo muda wa kutosha kuyasema mazuri na mabaya yake.

Ni lile la bampa nyeusi, ambalo wapenzi wengi wa MG wanalinunia. Mwishoni mwa 1974, ili gari liendelee kuuzwa Marekani chini ya sheria mpya za bampa na urefu wa taa, British Leyland, kampuni iliyomiliki MG wakati huo, waliondoa bampa za kromu, wakaweka hizi nene zilizovikwa plastiki, kisha wakalinyanyua gari zima kidogo. Sura ikaharibika machoni pa wengi, na matoleo ya mwanzo ya namna hiyo yalikuwa yakilala vibaya kwenye kona. Lakini kuanzia katikati ya 1976 waliweka vyuma vya kuzuia mlalo mbele na nyuma, na feni ya umeme badala ya ile iliyozungushwa na injini. Ndiyo maana la 1977 ni gari lililokwisha kusahihishwa, ila unalipata kwa bei ya lile linalochekwa. Wapo wanaong'oa bampa hizi warudishe kromu na kulishusha gari. Ni pesa nyingi kwa ajili ya picha. Mimi nimeziacha, na kwenye maegesho ya supamaketi zimeshaniokoa.

Sasa kutu. Usinunue MGB kwa kusikiliza injini. Injini yake ya cc 1798 ni ya ukoo ule ule uliosukuma Morris Oxford na Austin Cambridge, chuma cha kazi, na ikiharibika fundi yeyote mvumilivu ataifungua na kuifunga. Mali ni bodi. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Mabati yenyewe ndiyo yanayobeba uzito, na kwa kuwa juu hakuna paa la chuma, kazi kubwa inafanywa na maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango. Maboksi hayo yana tabaka kadhaa, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Muuzaji mjanja huchomelea bati jipya juu ya lililooza, akapaka rangi, akakupokea kwa chai.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Penye puti nyingi haitashika. Kisha omba gari lipigwe jeki upande mmoja huku ukitazama uwazi kati ya mlango na bodi. Uwazi ukibana, au mlango ukigoma kufunguka, aga kwa heshima uondoke. Langu lilikuwa limeshabadilishwa maboksi yote mawili, na mwenyewe alikuwa na picha za kila hatua ya kazi. Picha hizo ndizo nilizolipia. Aliye na pesa kuliko subira anaweza hata kununua bodi nzima mpya: British Motor Heritage, kampuni ya vipuri vya gari za zamani za Kiingereza, walianza kuzitengeneza upya 1988.

Kuliwasha asubuhi kuna utaratibu wake. Unafungua swichi bila kupiga stata, unasikia pampu ya petroli ikigonga huko nyuma, tik tik tik, mpaka kabureta zijae, kisha inanyamaza. Hapo unavuta choki, ndipo unapiga. Pampu isiponyamaza, ama petroli inavuja mahali ama tangi limekauka.

Kabureta ni mbili, za SU, na watu wanaziogopa bure. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, imebeba sindano inayopima petroli, na juu yake kuna oili kidogo ya kuituliza isipande kwa pupa. Oili hiyo ikiisha, gari linasita kila ukikanyaga. Nimeona watu wakibadilisha distributa (inayogawa umeme kwenye plagi), koili na pampu kwa ugonjwa unaotibiwa kwa kijiko cha oili nyepesi. Kuzisawazisha nako hakuhitaji kompyuta: chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja weka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mvumo wa hewa wa ile ya kwanza, kisha wa ile ya pili, rekebisha skrubu mpaka zivume sawa. Vipo vipimo vya kununua. Ninacho kimoja, na bado natumia mpira.

Ufundi huu wa masikio ni wa mjomba wangu, aliyeendesha na kutengeneza Morris Minor pale Tanga wakati gari hizo zilikuwa za kawaida barabarani. Kiangazi kilichopita MGB ilianza kumisi kila ikipata moto. Plagi zilikuwa safi, kabureta sawa. Nikarekodi mlio, nikamtumia kwa WhatsApp, halafu nikampigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo siyo petroli, mpwa wangu. Petroli ikikosekana injini inafifia. Hii inakatwa. Fungua distributa."

"Distributa nimeifanyia sevisi juzi tu, mjomba. Hata rota ni mpya."

"Basi toa hiyo mpya, rudisha ya zamani."

Nikairudisha, na kumisi kukaisha. Rota ni kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa kupeleka cheche kwa kila plagi, na nyingi za bei nafuu za siku hizi zina ribiti inayopenya karibu mno na shafti. Plastiki ikipata moto, cheche inavujia humo badala ya kwenda kwenye plagi. Duka nililonunulia halina haja ya kutajwa, maana ugonjwa huu unajulikana na hauko kwenye duka moja. Kondensa mpya nazo zina sifa hiyo hiyo. Kipuri cha zamani kinachofanya kazi usikitupe, kiweke kwenye buti.

Umeme wa gari za Kiingereza una utani wake. Waingereza wenyewe humwita Joseph Lucas, ambaye jina lake liko kwenye vifaa karibu vyote, Mfalme wa Giza. Naona wanamwonea. Waya zina umri wa karibu nusu karne, na kinachozima taa kwa kawaida ni viungo vilivyoota ukungu wa kijani na ethi, yaani waya wa kurudishia umeme, iliyolegea kwenye bodi. Msasa, kaza, pakaa vaselini. Mchoro wote wa waya unaenea kwenye ukurasa mmoja.

Kuna kazi moja ambayo sisi tuliozoea gari za Kijapani tumeisahau: kupiga grisi. Mbele, kila upande wa ekseli, kuna vichwa vitatu vya grisi vya kupigwa kila maili 3,000. Ukivisahau, kingipini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, hukauka na kulika, na usukani ulio mzito tayari unazidi kuwa mzito. Na usije na spana zako za Toyota. Nati hizi ni za inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, itakudanganya kwamba imeshika, kisha itakula kona zote.

Barabarani ndipo gari lenyewe linapojieleza. Kutoka hapa Coventry nashuka kusini kushika Fosse Way, barabara ya Warumi, B4455 kwenye ramani, imenyooka maili kwa maili kati ya mashamba, halafu A429 kuelekea Moreton-in-Marsh na Stow-on-the-Wold. Nguvu za farasi hazifiki 90. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa ni zaidi ya sekunde 12, na gari la kupeleka vifurushi litakuacha kwenye taa bila kujua kwamba mlikuwa mnashindana. Anayetaka kasi anunue kitu kingine. Lakini umekaa chini kiasi kwamba mkono ukiutoa mlangoni unakaribia kugusa lami, paa liko wazi, harufu ya majani yaliyokatwa inaingia, na maili 50 kwa saa zinakujaza kifua kuliko 90 za gari la kisasa lililofungwa vioo. Injini inavuta kutoka chini, kwa hiyo huhitaji kubadilisha gia kila kona. Mkono wa gia ni mfupi na unaingia kwa mlio wa chuma kukutana na chuma.

Halafu kuna ovadraivu, gia ya ziada ya kuipumzisha injini, kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ni swichi ndogo juu ya kirungu cha gia. Ukiwa gia ya nne kwenye maili 70, injini inazunguka kama mara 3,900 kwa dakika na inapiga kelele; unasukuma swichi kwa kidole, bila kugusa klachi, na mizunguko inashuka hadi kama 3,200. Bila hiyo, safari ya motawei ni adhabu. Ukikuta MGB isiyo nayo, au iliyo nayo lakini haikamati, punguza bei kwa nguvu.

Usukani hauna msaada wowote. Kuegesha ni mazoezi ya mabega. Ukiwa kwenye mwendo unakusimulia kila kokoto. Ekseli ya nyuma imekaa juu ya springi pleti, na kwenye kona yenye mashimo gari linaruka upande kidogo, jambo ambalo dereva wa mara ya kwanza hulichukulia kama dalili ya kifo. Breki ni diski mbele na dramu nyuma, zina sevo ya kuusaidia mguu, zinatosha kwa uzito wa gari. Zisizotosha ni busara za wengine: ukiacha nafasi mbele yako ya kusimamia, kuna mtu ataijaza. Hakuna mfuko wa hewa, hakuna ABS. Watoto siwapandishi, na hilo sijadili na mtu.

Joto la injini linakuja miguuni Julai, na Januari, ukiwa na wazimu wa kutoka, hita inatoa pumzi ya mgonjwa. Turubai la juu linavuja kwenye pembe za kioo cha mbele. Nimeshazoea kuweka taulo.

Kwa upande wa gharama, Uingereza ina huruma na wazee hawa. Gari lililopita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, halitozwi ULEZ, ile tozo ya London kwa gari zinazochafua hewa, na tangu Mei 2018 halilazimiki kwenda ukaguzi wa MOT wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. Mimi bado nalipeleka. Jicho la pili chini ya gari lenye umri huu ni bei rahisi. Bima ni nafuu kuliko ya gari letu la familia, kwa sharti la maili chache kwa mwaka. Petroli linakunywa, kama kilomita 10 kwa lita, na nalipa ile ya bei ya juu ya E5, yaani yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, kwa sababu ya kawaida tangu 2021 ni E10, yenye hadi asilimia 10, na ethanoli nyingi hula mipira ya zamani. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikizilinda siti laini za valvu za injini hizi, iliondoka sokoni mwanzoni mwa 2000, basi muulize muuzaji kama siti za valvu zimebadilishwa kuwa ngumu. Majirani wananiuliza kama ni ya umeme, maana MG wanayoijua wao sasa ni ya Wachina na inachajiwa ukutani.

Shtaka langu kubwa ni klachi. Kuibadilisha lazima injini inyanyuliwe itoke kwenye gari, hakuna njia ya mkato. Beringi yake ya kuachia si ya gololi, ni kipande cha kaboni kinacholika kila unapokanyaga, kwa hiyo kwenye taa nyekundu weka nyutro na utoe mguu. Mwenye gari kabla yangu inaonekana hakutoa mguu. Rivasi imeanza kuingia kwa kusaga, dalili kwamba klachi haiachii tena sawasawa. Klachi mpya iko stoo, pamoja na sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu injini ikishatoka sitaki kuitoa tena kwa ajili ya tone la oili. Winchi naiazima kwa jirani mwanzoni mwa Novemba, chumvi ikianza kumwagwa barabarani.