Hedi ya Peugeot 404 na neno "shukuru umepata"

Nimejaribu kungoja hasira ipoe kabla ya kuandika. Wiki zinapita, haipoi, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nilinunua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya Peugeot 404 kwa muuzaji wa spea za magari ya zamani ambaye wengi wetu tunaohangaika na haya magari tumeshapitia kwake. Jina silitaji. Aliyewahi kununua kwake atamjua kwa rangi ya fedha.

Gari ni la marehemu baba. Limekaa juu ya mawe tangu hedi yake ilipoliwa na maji, na mwenye 404 hahitaji kuelezwa hilo linavyokuja. Bloki, mwili wa injini, ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, katikati yanapita maji. Tia maji matupu miaka na miaka bila dawa ya rediyeta, inayoliwa ni aluminiamu. Inaanzia kwenye kingo za matundu ya maji, inajipenyeza chini ya gasketi kidogo kidogo, siku unafungua unakuta uso wa hedi kama mbao iliyopitiwa na mchwa.

Ndiyo maana hedi nzima imekuwa kama lulu. Zilitengenezwa 404 zaidi ya 2,500,000, kuanzia mwaka 1960, na mtu akisikia idadi hiyo anadhani spea zimejaa kila kona. Pistoni na laina unapata, seti mpya kabisa, kwa sababu laina za injini hii, yale mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka na kubadilishwa. Hedi mpya mimi sijawahi kuiona ikiuzwa. Iliyopo sokoni imevuliwa kwenye gari lililokufa, na gari hilo, mara nyingi, lilikufa kwa hedi. (Na wenye zile za pampu ya Kugelfischer, inayopuliza petroli badala ya kabureta, ndio wana msiba zaidi, mimi angalau yangu ni ya kabureta.)

Kwa hiyo nilipoona tangazo moyo ulinidunda. "Imepimwa presha, haina ufa, uso umechongwa, tayari kufungwa." Nikampigia. Nikauliza: Mzee, imepimwa kweli? Akasema imepimwa. Nikauliza tena siku nyingine, akajibu kama mtu aliyechoshwa: imepimwa. Nikalipa. Kiasi nilicholipa wapo watu wananunulia gari zima linalotembea, na nililipa kwa furaha.

Ilifika inang'aa. Nyeupe ya fedha, kama sufuria mpya. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu.

Fundi wangu hakufurahi hata dakika moja. Aliigeuza, akapitisha ukucha kati ya siti mbili za valvu kwenye silinda ya tatu, akanyamaza. Kisha akauliza polepole, "Kwa nini mtu apake rangi ndani ya chemba?"

Sikuwa na jibu. Rangi gani inakaa mahali panapowaka moto?

Akaiosha kwa thina. Akapuliza ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, akaiacha inywe kama robo saa, akaifuta kwa kitambaa mpaka hedi ikarudi rangi yake, halafu akapuliza ule unga mweupe juu. Tukakaa kuangalia. Mwanzo hakuna kitu. Nikaanza kupumua. Kisha ukatokeza mstari mwekundu mwembamba kama unywele, unatoka kwenye siti ya valvu ya ekzosi, unakata kale kadaraja kembamba, unaishia tundu la plagi. Katikati ya mstari kuna doa la kijivu ambalo dawa haikuliingia. Akalikwangua kwa bisibisi. Likatoka unga.

Gundi. Ile gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili. Mtu amekaa chini, ameuona ufa, ameupaka gundi, amepiga msasa mpaka ukalainika, amepaka rangi, kisha ameandika "haina ufa". Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Ufa wenyewe ningeusamehe, hedi hizi zina zaidi ya miaka 50 na zimechemka mara nyingi. Msasa siusamehe. Msasa ni kazi ya mtu anayejua anachokificha.

Tukapima unene. Imechongwa na kuchongwa, imekuwa nyembamba kuliko yangu mbovu. Ukiifunga hivyo, mgandamizo unapanda na valvu zinasogelea pistoni. "Tayari kufungwa" ilikuwa maneno tu.

Nikampigia. Nikaamkia kwanza, ni mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Ile hedi ina ufa, na umezibwa kwa gundi."

"Kijana, hiyo ni spea ya gari lililoacha kutengenezwa hujazaliwa."

"Mzee wangu, nilikuuliza mara mbili kama imepimwa."

"Ulitegemea mpya? Shukuru umepata. Wenzako wanatafuta hawaoni."

Akakata simu.

Neno hilo la "shukuru umepata" limenikaa kifuani kama mwiba. Ndilo linalotumaliza sisi tunaofufua magari ya zamani. Kitu kikiwa adimu, muuzaji anaona uadimu wenyewe ni ubora. Hedi yenye ufa ni aluminiamu ya kuyeyusha, hata kama imebaki peke yake duniani. Thamani yake ni ile kazi inayoweza kufanya juu ya bloki, ikabana gesi na kupitisha maji bila kuvichanganya. Kama haiwezi, uza kwa kilo, na useme unauza kwa kilo. Nisingeinunua? Huenda ningeinunua! Kwa bei ya ufa, nikijua nina ufa.

Nilikuwa nimalizie hapa, kwa kuwaambia msimguse mtu huyu kabisa. Lakini kuna jambo, na nikilificha nitakuwa kama yeye.

Chini ya boksi lile kulikuwa na kifurushi ambacho sikukiagiza. Boliti za hedi, seti kamili, hazijawahi kufungwa, kila moja imeviringishwa peke yake kwenye karatasi iliyolowa oili. Nyuzi zake safi, ukizipitishia kidole zinakwaruza kama siku ya kwanza. Mtu anayejua injini hii anajua boliti zinavyovutika zikifunguliwa na kufungwa mara kumi. Hakuzitaja kwenye tangazo, hakunidai hata senti. Nani anaviringisha boliti moja moja hivyo? Mtu anayezipenda. Nimezishika nikaduwaa, nikashindwa kuunganisha mkono uliofanya lile na mkono uliofanya hili. Labda ni watu wawili tofauti. Labda hedi aliinunua ikiwa tayari na gundi, naye akadanganywa kama mimi. Nimeliwaza hilo usiku mwingi. Kisha nakumbuka alivyokata simu, nachemka upya.

Fundi anasema ufa unachomeleka: unachimbwa wote mpaka mwisho wake, hedi inapashwa moto, inachomelewa kwa gesi ya argoni, siti zinatengenezwa upya. Unene uliopotea haurudi kirahisi, labda gasketi nene isaidie. Hana uhakika na mimi sina. Gari bado liko juu ya mawe, laina zimebanwa zisicheze, bloki limefunikwa turubai.

Hivyo, mnunue kwake au msinunue? Boliti, nunueni mkiwa mmefumba macho. Hedi, hapana. Hapana kabisa. Ila atakayekuwa na hedi nzima, kama ipo, nahisi atakuwa ni yeye.

Kwa sababu juzi ametangaza nyingine. Picha tatu, inang'aa rangi ileile ya fedha. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikamwandikia: "Mzee, shikamoo. Naomba picha ya hedi hiyo kabla haijapakwa rangi, hasa chemba ya tatu."

Ameusoma ujumbe. Hajajibu bado.