Etymonline kwa kipimo cha neno moja: meagre

Etymonline ni kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza, kazi ya Mmarekani Douglas Harper. Kuisoma ni bure. Tumeipima kwa neno meagre, ambalo wanafunzi wengi hulitafsiri "kidogo" wakapita.

Maelezo kamili yako chini ya tahajia ya Kimarekani, meager. Ukiandika ya Kiingereza cha Uingereza ukapata mstari mmoja tu, usifunge ukurasa, bofya kiungo. Hapo safari yote iko wazi: Kilatini macer, yaani aliyekonda, Kifaransa cha kale megre au maigre, kisha Kiingereza. Maana ya kwanza ilikuwa ya mwili, mtu aliyekonda kama ng'onda. Ya uhaba wa chakula au fedha ilifuata baadaye. Ndiyo maana meagre salary haitoshi kuitwa "mshahara mdogo": ni mshahara uliokonda, wa kijungujiko.

Panapowanasa wengi ni kwenye tarehe. "Late 14c." ni mwishoni mwa karne ya 14, miaka inayoelekea 1400, si 1400 na ushei. Tena hiyo ni tarehe ya maandishi ya mwanzo yanayojulikana. Midomoni mwa watu neno huenda lilitangulia sana. Kinyota mbele ya mzizi, yaani umbo la kale ambamo maneno yalichipuka, kama *mak- wa meager, maana yake umbo hilo limekisiwa na wataalamu, halijakutwa limeandikwa popote.

Fungua ukurasa wa mzizi huo, ndiko kwenye uhondo. Meager limekaa jirani na macro-, kiambishi cha mambo makubwa! Mzizi ulibeba urefu na wembamba pamoja: Wagiriki wakashika urefu katika makros, Warumi wakabaki na wembamba. Ni ndugu hao, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Kwa insha ya shule inatosha. Kwa tasnifu haitoshi, maana haikuwekei nukuu za kale pamoja na kitabu na mwaka wake kama ifanyavyo Oxford English Dictionary, ambayo aghalabu hulipiwa. Na anayetaka matumizi ya leo aanze na kamusi ya kawaida.

Kabla hujatoka, tafuta na measly. Hilo lilianzia kwenye surua, likasemwa pia kwa nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi vya tegu, ndipo likawa neno la kubeza kitu kiduchu.