Gereji ya Tabata iliyopima injini kabla ya kuifungua

Baada ya injini ya Toyota IST yangu kushushwa na kufanyiwa ovaholi katika gereji ambayo sitaitaja, ulianza mlio wa kugonga ambao haukuwapo kabla ya matengenezo. Mafundi wa huko walisema beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zimelegea na injini ishushwe tena ili krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ikachongwe, kauli nzito waliyoitoa bila kupima chochote. Nikalipeleka gari kwenye gereji ndogo iliyoko Tabata, Dar es Salaam, na kazi ya gereji hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa.

Fundi mkuu hakuanza na spana. Aliuliza kwa utaratibu nini kilifunguliwa na nini kilibadilishwa, akakagua kiwango cha oili, kisha akaisikiliza injini tangu ikiwa baridi hadi ilipopata moto. Alinieleza kwamba mlio wa vali huenda kwa nusu ya mwendo wa krenki, kwa kuwa kemshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, na mlio wetu ulikuwa wa haraka zaidi ya hapo, ukitoka chini upande wa giaboksi.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kwamba niko mahali sahihi. Injini ikiwa katika sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta, alichomoa waya wa koili (zinazozipa plagi umeme) moja baada ya nyingine. Konrodi yenye beringi iliyolegea hugonga kwa sababu mlipuko ndani ya silinda huisukuma kwa nguvu. Plagi isipowaka, nguvu hiyo hupungua na mlio hufifia au hubadilika. Wetu haukubadilika kwenye silinda yoyote kati ya zote nne. Hakuridhika na hilo pekee; kwa kuwa beringi zilizolegea huishusha presha ya oili, akatoa swichi ya presha ya oili na kufunga geji mahali pake, na presha ikawa nzuri hata injini ilipokuwa ya moto.

Gia ilipowekwa kwenye D, breki ikiwa imekanyagwa, mlio ukageuka. Kwa gari la otomatiki ambalo injini yake imetenganishwa na giaboksi, dalili hiyo huelekeza kwenye bolti zinazofunga konveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kwenye sahani iliyo nyuma ya krenki. Alifungua kifuniko kidogo cha chini, akaizungusha krenki kwa mkono na kukuta baadhi ya bolti hizo zimelegea. Aliimulika sahani kwa tochi kutafuta ufa, hakuona, akazikaza bolti zote kwa spana ya kipimo badala ya kukisia kwa nguvu ya mkono. Mlio ukakoma.

Uchunguzi ulitozwa shilingi 50,000, bei niliyotajiwa kabla, na naiona ya haki kabisa ukilinganisha na gharama ya kuishusha injini isiyo na kosa. Upungufu ninaouona ni kwamba hawakunipa maandishi yoyote ya vipimo, hata usomaji wa geji, ilhali karatasi hiyo ingenisaidia sana kudai haki yangu kule nilikotoka. Sehemu ya kusubiri nayo ni finyu na haina kivuli cha kutosha.

Anayekusudia kwenda alifikishe gari jioni lilale hapo, ili asubuhi waisikie injini ikiwa baridi, na abebe orodha ya vipuri vyote vilivyobadilishwa.