TAHADHARI: zulia la "hariri ya Qom" (mji wa Iran) la Deira, Dubai, nimelizwa dirham 4,500

Jamani mlio Dubai au mnaopita Dubai kununua mazulia, someni kabla hamjatoa hela. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu juu, maana zulia nilimnunulia bi mkubwa.

Kuingia tu dukani yule baba kanisalimia kwa Kiswahili, Kiswahili hasa, eti marehemu bibi yake kazaliwa Unguja, nikakalishwa, chai ya zafarani, dada yangu huku dada yangu kule. Akakunjua zulia, akaligeuza, ukilitazama upande huu jekundu limeiva, upande ule linapauka, akasema hii ndo hariri ya Qom, kazi ya mkono, ina miaka 120. Nikamwambia nihakikishie. Akachomoa uzi akauwasha mbele yangu, harufu ya nywele zinazoungua, jivu likasagika vidoleni, na hariri ya kweli ndivyo inavyoungua! Sasa nisiamini kwa nini? Ila uzi kachomoa yeye, ngumi kaifumba, mimi macho yote kwenye moto. Kaanza 9,000 kashuka mpaka 4,500 nikaona nimebahatika.

Nyumbani jirani yangu, mama wa Kiirani mtu wa Kashan, kwao wanafuma, kakunja kona, katazama nyuma, kanyamaza. Moyo ukanilipuka. Zulia la mkono maua ya mbele unayaona nyuma vilevile, fundo kwa fundo, na matamvua ni nyuzi zilezile za zulia zimetokeza. Langu matamvua yameshonewa kwa cherehani! Tukachoma uzi, harufu ya karatasi. Viskosi hiyo, inang'aa kama hariri lakini inatokana na miti. Na hiyo miaka 120? Qom wameanza kufuma mazulia miaka ya 1930, kazi ikipelekwa na wafanyabiashara wa Kashan. Mama wa watu kaniambia taratibu, mimi nikalia.

Huyu afungiwe duka, apigwe faini, alale ndani, mtu anamtaja marehemu bibi yake kwenye wizi!! Nimempigia ananiambia soma risiti, nasoma, imeandikwa "zulia moja" basi, hamna hariri hamna Qom. Malalamiko nishapeleka. Kesho saa nne niko mlangoni kwake na mama wa Kashan, na wewe uliyeuziwa njoo inboksi leo, twende pamoja na mazulia yetu mabegani.