Bastola tunazotamani zitoke kwa kaliba nyingine, na za kununua badala yake

Mwenye leseni ya bastola akiingia dukani leo, iwe anatoka Dodoma mjini, Kondoa au Manyoni, atatolewa bastola ya 9mm, yaani ya risasi yenye kipenyo (kaliba) cha milimita tisa. Akiikataa, ataoneshwa 9mm ya kampuni nyingine. Muuza duka hana kosa. Risasi ya 9x19 aliyoibuni Georg Luger mwaka 1902 ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi karibu kila pembe ya dunia. Hata FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliyowahi kuhamia 10mm na kisha .40 (kaliba zenye nukta mbele hupimwa kwa inchi), ilirudi kwenye 9mm mwaka 2016 ilipowapa Glock, kampuni ya bastola ya Austria, mkataba. Viwanda hutengeneza kinachouzika.

Hata hivyo sisi tunaopenda bastola tuna orodha zetu kichwani. Kuna ile iliyokaa vizuri mkononi, kifyatulio laini, shabaha imenyooka, halafu unatamani ingekuwa imetoka kwa risasi nyingine. Hapa nimezipanga zangu kuanzia ninayoitamani zaidi, nikaeleza kwa nini kila moja haipo na ununue nini wakati tunaisubiri. Nimezipima kwa maswali mawili. La kwanza: risasi yenyewe inaenea kwenye kishikio cha bastola hiyo? La pili: ukishainunua, risasi utazipata wapi? Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nitalirudia bila kuona haya.

1. CZ 97 kwa 10mm Auto

Hii inaniuma, kwa sababu ukiifuatilia historia yake unaona ilistahili kuwapo. Risasi ya 10mm Auto ilizaliwa mwaka 1983 pamoja na bastola iliyoitwa Bren Ten, ya kampuni ya Dornaus & Dixon ya Marekani. Bren Ten yenyewe ilijengwa juu ya muundo wa CZ 75, ile bastola ya Wacheki ambayo kila anayeishika hutabasamu. Yaani 10mm ilianza maisha ndani ya binamu wa CZ, halafu CZ wenyewe hawakuiweka kwenye orodha ya bastola zao za kawaida.

Wengi husema wanataka CZ 75 ya 10mm. Haiwezekani, na sababu ni kipimo. Risasi ya 9mm ina urefu usiozidi milimita 29.7 toka kitakoni hadi nchani, na ya 10mm inafika milimita 32. Magazini ya CZ 75, lile kasha la risasi linaloingia kwenye kishikio, imetengenezwa kwa ile fupi. Ili uingize ndefu lazima uongeze upana wa kishikio kutoka mbele kwenda nyuma, na hapo si CZ 75 tena. Lakini Wacheki walishakuwa na CZ 97, waliyoitengeneza kwa ajili ya .45 ACP, na .45 ACP ina urefu wa milimita 32.4. Nafasi ilikuwepo tayari! Ni bastola nzito, zaidi ya kilo moja ikiwa tupu, na uzito huo ndio hasa unaotakiwa kumeza teke la 10mm.

Badala yake nunua Glock 20. Ina magazini ya risasi 15, vipuri vyake vinajulikana, na doria ya Sirius ya Denmark inayozunguka Greenland kwa mbwa huibeba kujikinga na dubu. Mwenye kupenda chuma na umbo la CZ atafute Tanfoglio ya Italia. Wao walipanua mwili wa muundo ule ule wakaweka 10mm, na kazi yao ni safi.

Niseme jambo kwa ndugu zangu wenye mashamba upande wa Manyoni na Chemba, karibu na mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Swagaswaga. Naelewa tembo wanavyolala kwenye mtama wa mtu. Bastola ya 10mm haimzuii tembo. Itamjeruhi, naye atarudi na hasira, na wewe utakuwa umevunja sheria ya wanyamapori juu yake. Kwa tembo piga simu kwa askari wa wanyamapori, tumia uzio wa pilipili, piga kelele kwa pamoja. Usiinunue 10mm kwa sababu hiyo.

Na Bren Ten yenyewe iliishia wapi? Bastola nyingi zilimfikia mteja bila magazini, kampuni ikafilisika mwaka 1986. Watu walikuwa na bastola ya ndoto isiyo na mahali pa kuweka risasi. Colt ndio walioiokoa kaliba hiyo mwaka 1987 kwa Delta Elite.

2. Glock 42 kwa .32 ACP

Wengi wataicheka hii, na mimi naitetea kwa dhati. John Browning aliitengeneza .32 ACP, ambayo maboksi ya Ulaya huiandika 7.65mm Browning, mwishoni mwa karne ya 19. Ni risasi ndogo, haina nguvu ya kujivunia. Lakini mpe mama wa makamo mwenye duka, mwenye vidole vilivyoanza kuuma, bastola nyembamba ya 9mm na umtazame risasi ya tatu inakwenda wapi. Bastola ndogo nyepesi ya 9mm inapiga teke kuliko bastola kubwa ya 9mm, kwa kuwa uzito wa kulimeza teke haupo. Mtu akiiogopa bastola yake hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi ni hatari kwa waliomzunguka.

Glock 42, iliyotoka mwaka 2014, ni ya .380. Ni laini kiasi, na ingewekwa .32 ingekuwa laini zaidi, pengine na risasi moja ya ziada kwenye magazini kwa sababu ganda ni jembamba. Kwa nini haipo? Wateja wa Marekani wanataka nguvu, na soko lao ndilo linaloamua.

Cha kununua: Beretta Tomcat ni ndogo na mtutu wake huinuka upande wa nyuma, kwa hiyo unaingiza risasi ya kwanza moja kwa moja bila kuvuta slaidi ngumu, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Kwa wenye nguvu ndogo mikononi hilo ni jambo kubwa. Beretta 81 ya zamani, ukiipata iliyotunzwa, inabeba risasi 12 za .32 na ni tamu kuliko zote nilizozitaja kwenye kipengele hiki. Walther PP na PPK nazo zipo za .32 na za .380.

Angalizo moja la karibu kabisa. Ganda la .32 ACP lina ukingo uliojitokeza kidogo kitakoni. Ukipakia magazini ovyo, ukingo wa risasi ya juu unaweza kukaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, zikanasana, na bastola ikagoma palepale. Kila unapoingiza risasi hakikisha ukingo wake umekaa mbele ya ule wa chini yake, kisha igonge magazini mgongoni mara moja kwenye kiganja zijipange.

3. Glock 20 kwa .38 Super

Colt walitoa .38 Super mwaka 1929. Kichwa chake cha risasi kina kipenyo kinacholingana na cha 9mm, ila ganda ni refu na baruti ni nyingi, hivyo inakwenda kasi zaidi na inalala tambarare zaidi kwenye shabaha ya mbali. Walenga shabaha wa IPSC, mashindano ya kimataifa ya bastola, waliipenda miaka mingi, na Amerika ya Kilatini ina wapenzi wake wasiobadilika.

Urefu wake unazidi kidogo milimita 32, kwa hiyo Glock 17 na 19 haziwezi. Mwili wa Glock 20 ungeweza. Glock hawajafanya hivyo, na sioni kama watafanya. Nunua 1911, ile bastola ya muundo wa zamani wa Browning, ya kampuni ya Armscor ya Ufilipino. Huuzwa kwa jina la Rock Island, bei yake haivunji mgongo, na wao wameitoa kwa .38 Super. Ila sehemu za 1911 hubanana sana, na upepo wa Dodoma wa kuanzia Julai hadi Oktoba hubeba vumbi jembamba linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi hilo yanakuwa tope la kusagia chuma. Paka kidogo kwenye reli za slaidi, futa kwa kitambaa kikavu hadi ubakie ukungu tu, na usipulizie ndani ya magazini kabisa.

4. CZ 75 ya .40 kwa .357 SIG

Kampuni ya bastola ya SIG Sauer na ya risasi ya Federal waliitoa .357 SIG mwaka 1994, ganda lenye mabega na shingo nyembamba. Inaingia kwenye magazini ya .40, kwa hiyo kwenye bastola nyingi ni suala la kubadilisha mtutu tu. Mafundi wa mtandaoni watakuambia uagize mtutu wa pili uwe na bastola mbili ndani ya moja.

Hapa nchini usithubutu kabla ya kuuliza polisi. Leseni inatolewa kwa silaha inayotambulika kwa aina, namba na kaliba, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Mtutu wa kaliba nyingine ambao haupo kwenye karatasi zako ni kesi inayokungoja. Ukiitaka .357 SIG, omba leseni ya bastola iliyotoka kiwandani hivyo, kama Glock 31 au 32. Mlio wake ni mkali mno. Vaa kinga ya masikio, na aliye jirani yako uwanjani avae pia.

5. Colt Cobra kwa .327 Federal

Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, nampendekezea kwa moyo mweupe mtu asiyepata nafasi ya mazoezi mara kwa mara. Haina magazini ya kusahau. Colt waliirudisha Cobra mwaka 2017 kwa .38 Special, na ni nzuri. Ningeitaka kwa .327, kaliba ya mwaka 2008, kwa sababu rivolva ya .327 hupiga pia .32 H&R Magnum na .32 S&W Long, hivyo una ngazi tatu za nguvu kwenye bastola moja. Ruger SP101 na LCR za .327 zinabeba risasi sita mahali ambapo za .357 zinabeba tano. Lakini kwa Dodoma chukua .38 Special, ambayo iko duniani tangu 1898.

6. SIG P365 kwa .30 Super Carry

Federal waliitoa .30 Super Carry mwaka 2022. Risasi nyembamba, kwa hiyo moja au mbili za ziada kwenye magazini ya bastola ndogo. Wazo zuri. Viwanda vichache vilivyoipokea ni pamoja na Smith & Wesson, na huko kwao Marekani penyewe watu wanahangaika kupata maboksi. Usiinunue.

Tokareva ya 7.62x25 sikuiweka kwenye orodha ingawa najua ina wapenzi. Ni ndefu, milimita 35, haiingii kwenye bastola yoyote ya kisasa ya kawaida, na ni risasi yenye sura ya kijeshi inayokuletea maswali mengi kuliko raha.

Kwa bastola moja tu

Kama leseni yako ni ya bastola moja na hakuna ya pili inayokuja, nunua 9mm: Glock 19 au CZ P-10 C. Nimezishika zote, P-10 C ina kifyatulio kizuri zaidi, Glock 19 ina vipuri kila mahali. Bajeti ya sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani iingie kwenye bei ya bastola tangu siku ya kwanza, hasa kama nyumbani kuna watoto. Liwe kwenye chumba chenye dari, kwa sababu chini ya bati tupu joto la mchana wa Novemba si rafiki wa baruti.

Na kabla hujalipa hata shilingi kwa kaliba isiyo ya kawaida, muulize muuzaji maswali haya akiwa amesimama mbele yako: maboksi mangapi ya risasi hiyo yako rafuni leo, mzigo wa mwisho uliingia lini, na wa mwingine umeshaagizwa? Risasi haitumwi kwa basi kama kifurushi cha nguo. Ikikosekana Dodoma utaifuata mwenyewe Dar es Salaam na karatasi zako mkononi. Akianza kukuambia "zitakuja", mwambie akuwekee ile 9mm.