Gereji ya Ifakara iliyopima kabla ya kufungua: haidroliki ya trekta dogo

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wakulima wenzangu wa mpunga katika bonde la Kilombero, hasa wale walionunua trekta dogo lililokwisha kutumika Japani. Tatizo lililonipeleka kwenye gereji hii ni la kawaida sana, nami nilibakiza kidogo tu ninunue pampu ambayo sikuihitaji. Trekta langu lina nguvu farasi 34, linavuta rotaveta (mashine ya kulimia yenye visu vinavyozunguka), na maandishi yote kwenye liva zake ni ya Kijapani, hata alama pekee ambazo mimi na dereva wangu tunazielewa ni picha za sungura na kobe.

Mvua zilipoanza, mikono ya kunyanyulia rotaveta, ambayo huendeshwa kwa haidroliki, yaani kwa presha ya oili, ilianza kuchelewa. Asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi: pampu ililia kama mluzi, rotaveta ikapanda kwa kushtukashtuka, ikasita njiani, kisha ikafika. Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye sitamtaja, alisikiliza mlio ule kwa dakika chache akasema pampu imekufa, na gharama yake pamoja na ufundi ni shilingi 1,400,000. Akaongeza kwamba, wakati ninatafuta fedha, anaweza kuweka washa (pete ya chuma) nyuma ya springi ya valvu ya kuachia presha ili trekta lipate nguvu. Namshukuru Mungu sikukubali. Valvu ile ndiyo kinga ya mfumo mzima, na ikikazwa kupita kipimo chake, oili isiyokuwa na pa kutokea hupasua hosi au huivunja pampu yenyewe, na ubovu mdogo ukageuka kuwa mkubwa.

Gereji ninayoisifia hapa ilianza kwa swali. Fundi mkuu alisimama kando ya trekta bila spana mkononi akaniuliza, "Mama, linachelewa au linashindwa?" Nilipomwambia kwamba sioni tofauti, alinieleza kwa subira, na maelezo yake ndiyo yaliyonipa imani naye. Kasi ya kunyanyua hutokana na wingi wa oili inayosukumwa na pampu kwa dakika, na nguvu ya kunyanyua hutokana na presha. Trekta linalonyanyua mzigo wote lakini polepole halipati oili ya kutosha, kwa hiyo fundi huanza kutazama njia ya oili kuelekea kwenye pampu: kiwango, chujio, bomba la kuvutia. Trekta linalopanda haraka likiwa tupu lakini likashindwa na mzigo lina shida ya presha, na hapo ndipo valvu ya kuachia hutiliwa shaka. Aliuliza pia ni wakati gani hali huwa mbaya. Pampu iliyochakaa kwa kawaida hudhoofika oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, kwa kuwa oili hiyo huvuja ndani kwa ndani, ilhali langu lilisumbua zaidi likiwa baridi, oili ikiwa nzito na ngumu kuvutwa.

Baada ya hapo alipima. Kwanza alizungusha kile kirungu kilicho chini ya kiti, chenye sungura upande mmoja na kobe upande wa pili, akamwonyesha dereva wangu kwamba kinahusu kasi ya kushuka peke yake. Sisi tulikuwa tumekizungusha kuelekea kwa sungura kwa wiki nzima tukitumaini rotaveta itapanda upesi. Halafu alinyanyua rotaveta hadi juu, akazima injini, akachora mstari wa chaki kwenye ukuta sawasawa na ncha ya mkono, akawakataza watu wote kupita chini yake. Baada ya dakika 10 mkono ulikuwa umeshuka upana wa kidole kimoja. Kwa hiyo sili (mipira inayozuia oili isivuje) za silinda ya kunyanyulia zilikuwa hai, na hapakuwa na sababu ya kuifungua.

Kipimo cha oili ningependa kila mwenye trekta akione kwa macho yake. Stiki ilionyesha kiwango kimepungua kidogo tu, lakini rangi ya oili ilikuwa ya chai ya maziwa. Alijaza chupa ya maji ya plastiki akaiacha juu ya meza, akaeleza kwamba weupe unaoletwa na hewa hupotea povu likishapanda, na weupe unaoletwa na maji hubaki. Tuliporudi asubuhi chupa ilikuwa bado nyeupe, na chini kabisa kulikuwa na ukanda mwembamba wa maji. Ili kuondoa shaka alidondosha matone machache kwenye kipande cha bati lililopashwa moto, yakatatarika kama kitunguu chenye maji kilichotiwa kwenye mafuta. Haikuwa kazi kujua maji yalipitia wapi: mpira unaofunika shina la liva ya gia ulikuwa umechanika, na trekta langu hulala nje bila paa masika nzima.

Kwenye trekta dogo la aina hii oili ya gia ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, kwa hiyo uchafu wowote wa upande mmoja huufikia upande wa pili. Walipolitoa chujio la wavu la upande wa kuvutia, niliomba nilishike. Nusu ya wavu ilikuwa imezibwa na tope laini lililochanganyika na nyuzi za tambara, na katikati yake kulikuwa na vipande vya gundi nyekundu ya gesketi, virefu kama minyoo, gundi ambayo fundi fulani wa zamani aliipaka kwa wingi hadi ikasukumwa ndani. Mpira wa duara kwenye kiungo cha bomba ulikuwa umekakamaa na umepasuka, nao ndio uliokuwa ukiingiza hewa na kusababisha ule mshtukomshtuko.

Walisafisha wavu, wakabadilisha filta, mpira wa duara na mpira wa gia, wakaweka oili inayofaa kwa gia, breki za ndani na haidroliki kwa pamoja. Waliniagiza nifanye kazi siku mbili kisha nirudi waimwage tena, kwa sababu maji hubaki kwenye pembe za gia. Gharama yote, pamoja na oili ya mara mbili, ilikuwa shilingi 780,000, na kati ya hizo 150,000 ndizo za ufundi. Geji ya presha ilisoma baa 150 kabla ya matengenezo na baa 150 baada yake, jambo lililothibitisha kwamba pampu na valvu havikuwa na kosa. Kilichobadilika ni muda: kwa mwendo ule ule wa injini, kunyanyua rotaveta kulishuka kutoka sekunde 9 hadi sekunde 3, kwa saa ya simu yangu, na mluzi haujasikika tena.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Wakati injini inanguruma, kijana mmoja anayejifunza kazi alikuwa akipapasa hosi kwa mkono mtupu kutafuta mahali panapovuja, na mkuu wake alimwona akanyamaza. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha ile hupenya ngozi bila hata kuonyesha jeraha kubwa, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono asipofikishwa hospitali upesi. Kipande cha boksi kikipitishwa kando ya hosi badala ya mkono kingetosha kwa kazi ile. Nilimwambia kijana mwenyewe, akaniitikia vizuri, lakini wajibu huo ulikuwa wa mkuu wake. La pili ni kwamba walinipa risiti yenye jumla peke yake, nikalazimika kuomba mara mbili ndipo wakaniandikia bei ya kila kifaa.

Ukienda, fika jioni ili trekta lilale hapo na wao waliwashe asubuhi likiwa baridi kabisa, kwa kuwa ukiliendesha hadi gereji oili huwa imeshapata moto na mlio wanaoutafuta huenda usisikike.