Mabegi ya turubai ya Mwanjelwa: nayapeleka Aktiki au nayaacha?

Habari zenu wadau. Kabla sijaongea sana, angalieni hiki. Huu ni unga wa sembe, kilo moja, niliutia kwenye begi la kushoto la pikipiki yangu jana alfajiri kabla sijatoka nyumbani. Mkavu. Naupuliza, mnaona unavyopaa? Na huu hapa ulikuwa kwenye begi la kulia. Huu si unga tena jamani, huu ni uji uliokosa sukari. Mabegi pacha, fundi mmoja, turubai moja, mvua ileile. Moja limepona, jingine limezama. Leo tunatafuta kwa nini, maana nataka kwenda nayo mbali.

Mbali kwenyewe ni Tuktoyaktuk. Ndiyo, litamke taratibu. Ni kijiji cha Wainuvialuit, wenyeji wa asili wa huko, juu kabisa mwa Kanada, ufukweni mwa Bahari ya Aktiki. Shemeji yangu yuko Edmonton, hukohuko Kanada, mwaka wa sita sasa, na tumekubaliana hivi: yeye anatafuta pikipiki mbili za mtumba za cc 650, mimi nakuja na mwili wangu na mabegi. Alinitumia bei ya jozi moja ya mabegi ya namna hii kule kwao. Nikaigeuza kuwa shilingi, nikafunga simu, nikaenda Mwanjelwa.

Na hapa Mbeya tuna bahati ambayo watu hawaioni. Malori yote ya Tunduma yanapita hapa, kwa hiyo mafundi wa maturubai wapo wa kutosha na kazi hiyo wanaijua. Hili ni turubai la lori, zito, lile la plastiki lenye nyuzi katikati. Jozi nzima nimelipa elfu tisini na tano pamoja na mikanda. Mdomo hauna zipu. Unakunja kama unavyokunja mfuko wa saruji, mara tatu, halafu unabana klipu pembeni. Zipu sikutaka kabisa. Zipu na vumbi hawajawahi kupatana.

Ukubwa nilipima bafuni kwa ndoo. Kila begi linameza ndoo ya lita 20 na nyingine ya lita 5 inaingia karibu yote. Kwa mtu mmoja wa wiki tatu inatosha, kama si wale wanaosafiri na pasi.

Sasa la kulia lilikuwaje? Ngoja nisogeze kamera. Hapa chini, huu mkanda unaobeba uzito. Kwenye begi la kushoto fundi ameuweka juu ya kiraka, kisha kiraka amekigandisha kwenye mwili wa begi kwa ile mashine ya hewa ya moto. Hakuna tundu hata moja. Hili la kulia, tazama: uzi. Amepitisha cherehani moja kwa moja. Kila hatua ya sindano ni tundu, nimehesabu upande mmoja tu matundu 41, na yote yako chini, mahali ambapo gurudumu la nyuma linarusha maji. Kwa nini afanye hivyo? Umeme ulikatika. Alikuwa amemaliza la kushoto, mashine ikazima, mimi nimekaa kwenye benchi namharakisha. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikushonee tu hili, ni uleule." Nikakubali. Kwa hiyo lawama nusu ni yangu.

Jaribio lenyewe nilipanda Uyole, nikashika njia ya Tukuyu, Isyonje nikakata kushoto kuelekea Kitulo, nikavuka uwanda, nikateremkia Matamba hadi Chimala, nikarudi nyumbani kwa lami. Pikipiki ni hii yangu ya cc 150, ya bodaboda tu. Wengine wataniuliza Kitulo na Aktiki wapi na wapi. Sikilizeni. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni ya baridi, vidole vinakufa ganzi ndani ya glovu, na udongo wake ukilowa pikipiki inatembea kama ngisi. Ukitaka kupima kitu cha safari ya kaskazini ukiwa Tanzania, usiende Dar.

Barabara tutakayopita kule inaitwa Dempster. Inaanzia karibu na Dawson City, eneo la Yukon, hadi mji wa Inuvik, kama km 740, na karibu yote ni kokoto. Kutoka Inuvik kuna nyingine kama km 140 hadi baharini. Jumla ni kama Mbeya kwenda Dar na chenji inabaki, halafu ugeuze urudi njia hiyohiyo maana nyingine hakuna. Ardhi ya kule chini imeganda mwaka mzima, kwa hiyo barabara wameikalisha juu ya tuta nene la kokoto ili joto lisifike chini. Barafu ikiyeyuka, barabara nayo inadidimia. Kokoto zenyewe zina makali, tairi laini haifiki. Na kuzuia vumbi wanamwaga chumvi ya kalsiamu. Ikinyesha ni sabuni. Ikikauka inashika kwenye rejeta kama saruji, usipoosha injini inachemka. Ndiyo sababu mwili wa begi nauangalia kwa jicho kali: lazima uoshwe kwa mpira wa maji bila kuwaza. Hili unaosha. Nimelipiga maji ya nguvu pale wanapooshea magari, ndani halikuguswa. La kushoto, nasema.

Kabla ya Matamba nikalala. Nasema nikalala, si kuanguka, maana mwendo ulikuwa wa mtu anayesindikiza mgeni. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa lori la viazi, pikipiki ikajilaza upande wa kushoto polepole kabisa. Begi likawa mto, mguu wangu ukapona. Kwa hilo nalipa alama zote. Vijana wawili waliokuwa wanapakia viazi wakaja kuninyanyua. "Pole kaka. Humu umebeba mawe?" Nikawaambia unga. Wakatazamana.

Turubai halikuchanika, lina mkwaruzo huu tu. Lakini klipu, mnaona, jino moja limekatika. Plastiki rahisi hiyo. Na ile ilikuwa baridi ya Kitulo tu. Kule theluji inaweza kukukuta hata katikati ya kiangazi, na plastiki ya namna hii kwenye baridi inakuwa kama biskuti. Nimemalizia safari kwa mpira wa tyubu kuukuu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Na nikwambie ukweli, mpira wa tyubu umeshika kuliko klipu. Nitabeba mipira minne ya akiba hata nikipata klipu za chuma.

Tatizo jingine ni hili baka jeusi. Eksozi. Nilipofunga begi la kulia nililishusha sana, likawa linagusa kila pikipiki ikiruka shimo. Lilianza kunuka nikadhani ni breki. Dawa yake ni ndogo: kipande cha bati la debe la mafuta ya kula, unakikunja na kukifunga kwenye keria kati ya eksozi na begi. Pikipiki ya shemeji eksozi iko juu zaidi, kwa hiyo bati nitalipimia kulekule.

Mtu atauliza, kwa nini usiende Alaska kama wote? Barabara ya Dalton, km 666, inakupeleka Deadhorse. Nimeikataa. Ukifika Deadhorse bahari huioni. Mbele yako ni geti la visima vya mafuta, unapanda basi la watalii, na nafasi uwe umeiweka angalau saa 24 kabla. Uvunje mgongo siku nzima halafu baharini ufike umekaa kwenye kiti cha abiria! Tena ni viza ya pili, ya Marekani, juu ya ile ya Kanada. Tuktoyaktuk tairi ya mbele unailowesha mwenyewe. Tangu Novemba 2017 barabara ya kutoka Inuvik inapitika mwaka mzima. Kabla ya hapo gari lilifika wakati wa baridi tu, likipita juu ya barafu.

Tumechagua Julai. Kuna mito miwili, Peel na Mackenzie, unavuka kwa pantoni, na pantoni zenyewe ni bure. Kigamboni wasisikie. Ila barafu ikiwa inavunjika au ndiyo inaanza kuganda, hakuna pantoni na hakuna barafu ya kubeba gari, unabaki upande uliolala.

Kichwa changu hasa kinauma kwenye mafuta. Ukiingia Dempster, sheli ya kwanza iko Eagle Plains, km 369. Fikiria utoke Mbeya upite Makambako, upite Mafinga, uipite Iringa mjini, bila sheli hata moja, na bila yule mama mwenye chupa za petroli kwenye meza pembeni ya barabara. Hapa kwetu ukikaukiwa unasukuma mita mia tatu unakuta chupa. Kule unasukuma unakuta dubu. Pikipiki anayoitaka shemeji ina tenki la lita 15. Kwa mzigo, kokoto na upepo wa usoni, mimi naihesabia km 20 kwa lita. Hiyo ni km 300. Shemeji anasema inakwenda 25. Shemeji yangu ni mtu mzuri, lakini alisema pia harusi yake itaanza saa nane mchana.

Kwa hiyo lita tano za ziada, lazima. Na hapo mabegi yangu yana upungufu: fundi hakuweka pa kufungia dumu. Dumu ndani ya begi usithubutu, harufu ya petroli haitoki kwenye nguo wala kwenye chakula. Nataka mfuko wa nje, mbele ya begi, karibu na mguu, uzito usikae nyuma ya ekseli. Dumu lenyewe tutanunua Edmonton. Lililowahi kubeba petroli usijaribu kupanda nalo ndege.

Chakula nacho. Mama mkwe ameshaahidi usipa wa Kyela, kilo mbili, "mpelekee mwenzio." Nampenda mama yangu, lakini usipa kwenye nchi ya dubu ni kujitangaza kwa kipaza sauti. Utaishia Edmonton, na utapanda ndege ukiwa umefungwa mifuko mitatu. Kule barabarani chakula kinakaa mbali na hema. Mbu wapo, tena kwa mawingu, ila malaria hawana, kwa hiyo watanikuta mtu wa Kyela nisiye na hofu nao.

Sasa uamuzi, maana wengine mmekuja kwa hilo tu. Kama unakwenda Tukuyu, Njombe, hata Songea na kurudi, nunua, bei hii huipati popote. Kama una safari kubwa, nunua pia, ila mwambie fundi sindano isiguse sehemu yoyote iliyo chini ya mdomo, na usikae kwenye benchi ukimharakisha. Klipu tafuta za chuma mwenyewe. Wanaouza mikoba ya mtumba wanazo, unang'oa kwenye begi bovu.

Mimi nayapeleka. La kushoto lilivyo, la kulia likishabadilishwa kitako. Nimempigia fundi kabla sijawasha kamera, nikamwambia habari za uji. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Basi njoo kesho saa mbili, mdogo wangu. Umeme ukiwepo."